Mzaire Ni Nani? Asili na Maana ya Jina la Watu wa Nchi Iliyokuwapo

Watu wanaoishi ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika tumewaita kwa majina kadhaa. Karne ya 19 waliokuja Ujiji na misafara ya biashara waliitwa Wamanyema, na wajukuu wao wanaitwa hivyo mpaka leo, ingawa ni Watanzania kama sisi. Baadaye tukasema Wakongo na Wakongomani. Kati ya 1971 na 1997 tukasema Wazaire. Wakongo na Wakongomani tunayasikia kila siku redioni na sokoni. Jina la Wazaire limebaki kwa wazee, kwa wapenzi wa muziki wa dansi wa zamani na katika vitabu vya historia.

Mimi nimekulia Kigoma, na huko bado yupo mzee atakayekuambia kwamba kitenge fulani "kimeletwa na Wazaire". Vijana humsahihisha: "Siku hizi ni Wakongo, mzee." Masahihisho hayo ni ya haki, lakini ni mepesi mno. Yanachukulia kwamba majina haya mawili ni kitu kimoja, na kwamba kilichobadilika ni kibao cha mpakani tu. Katika insha hii nitaeleza neno Mzaire limetoka wapi, lilikuwa na maana gani, na kwa nini lilitoweka. Hoja yangu ni kwamba jina hili lilitungwa ili liwe la kila mtu katika nchi kubwa yenye makabila mengi, kwa sababu lilikuwa jina la mto na si la kabila. Hata hivyo, ndani ya miaka kumi tu sheria ililigeuza kuwa swali kuhusu babu wa mtu. Jina lilipokufa, swali lile halikufa pamoja nalo.

Umbo la neno

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili, neno hili halina ugumu wa kisarufi. Limefuata njia ya ngeli ya A-WA: tunachukua jina la nchi, Zaire, tunatanguliza m- kwa umoja na wa- kwa wingi, tunapata Mzaire na Wazaire. Kutoka hapo tukapata pia Kizaire, kama katika "muziki wa Kizaire". Ni njia ileile iliyotupa Mkenya, Mganda na Mrundi.

Lakini kuna tofauti moja ya kuangaliwa. Katika majina kama Mganda na Mrundi, watu walikuwapo kwanza, wakiwa na jina lao, na nchi ikaitwa kwa watu hao. Buganda ni ya Baganda, Burundi ni ya Barundi. Katika jina Mzaire mambo ni kinyume. Kabla ya Oktoba 1971 hapakuwa na watu waliojiita Wazaire. Palikuwa na mto ulioitwa Zaire, tena uliitwa hivyo zaidi na wageni. Nchi ikapewa jina la mto, na watu wakapewa jina la nchi. Mzaire, kwa maana ya asili kabisa, ni "mtu wa nchi ya mto".

Sisi Watanzania tunalifahamu jambo hili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, Waingereza waliliita koloni lao jipya Tanganyika kwa kufuata jina la ziwa. Msambaa, Mnyamwezi na Mmakonde wote wakawa Watanganyika, ingawa wengi wao hawakuwahi kuliona ziwa hilo. Nchi mbili jirani, kwa hiyo, zimewahi kuitwa kwa majina ya maji.

Kutoka nzadi hadi Zaire

Mwaka 1482 nahodha Mreno Diogo Cão alifika kwenye mdomo wa mto mkubwa uliokuwa ukisukuma maji yake ya rangi ya udongo mbali ndani ya Bahari ya Atlantiki. Akasimamisha hapo nguzo ya jiwe yenye msalaba na alama za mfalme wake, kama Wareno walivyozoea kufanya. Watu wa pwani ile walikuwa raia wa ufalme wa Kongo, uliokuwa na mji mkuu wake Mbanza Kongo, na lugha yao ilikuwa Kikongo. Katika Kikongo, nzadi ni mto mkubwa. Maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba maana yake ni mto unaoimeza mito mingine yote.

Wareno hawana katika lugha yao sauti ya nz mwanzoni mwa neno. Walilitamka na kuliandika kwa namna iliyowawia rahisi, na baada ya muda umbo la Zaire likakaa katika ramani na vitabu vyao. Camões alilitumia katika utenzi wake mkuu uliochapishwa mwaka 1572. Kwa hiyo neno ambalo kwa mwenyeji lilikuwa nomino ya kawaida, yaani "mto", kwa mgeni likawa jina la pekee la mto mmoja. Jambo hili hutokea sana pale mgeni anapouliza "Hiki ni nini?" na mwenyeji akamjibu kwa neno la jumla.

Mto huo ulikuwa na jina la pili pia, Kongo, lililotokana na ufalme ule. Majina yote mawili yalitumika kwa karne kadhaa, na polepole Kongo likashinda katika lugha nyingi za Ulaya. Wareno walibaki na Zaire. Ndiyo maana mpaka leo, nchini Angola, jimbo lililoko kusini ya mdomo wa mto huo linaitwa Zaire, na makao yake makuu ni Mbanza Kongo ileile. Nchi ya Zaire haipo tena, lakini jimbo la Zaire lipo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sisi wa mashariki hatupaswi kulisahau. Mto huu una urefu wa kilomita zipatazo 4,700, na nzadi ni jina la watu wanaoishi mwishoni mwake. Watu wa Manyema, ambako Kiswahili kiliingia na misafara ya akina Tippu Tip, waliujua kwa jina la Lualaba. Stanley alipoondoka Nyangwe mwaka 1876 kuufuata, hakuwa na hakika kama ungempeleka kwenye Nile au kwingineko. Alipotokea Boma, karibu na Atlantiki, mwezi Agosti 1877, ndipo ilipothibitika kuwa Lualaba na Kongo ni maji yaleyale. Kwa hiyo mwaka 1971 mtu wa Kindu alipoambiwa kuwa yeye ni Mzaire, alikuwa anaitwa kwa neno la Kikongo, lililopindwa na ulimi wa Mreno, kwa ajili ya mto ambao bibi yake aliuita Lualaba.

Kwa nini jina lilibadilishwa

Nchi ilipata uhuru kutoka kwa Ubelgiji tarehe 30 Juni 1960 ikiwa Jamhuri ya Kongo. Wiki chache baadaye, tarehe 15 Agosti, jirani yake aliyetawaliwa na Wafaransa naye alipata uhuru, naye akajiita Jamhuri ya Kongo. Mto ule ndio ulioitenganisha miji yao mikuu miwili, Léopoldville na Brazzaville, ambayo inatazamana. Ikabidi watu waseme Kongo-Léopoldville na Kongo-Brazzaville ili waelewane.

Utata wa pili ulikuwa ndani ya neno lenyewe. Wakongo ni kabila kubwa lenye watu magharibi mwa nchi hiyo, Kongo-Brazzaville na kaskazini mwa Angola. Rais wa kwanza, Joseph Kasavubu, alikuwa wa kabila hilo, na chama chake cha ABAKO kilianza kikiwa chama cha Bakongo. Kwa Kiswahili "Mkongo" anaweza kuwa mtu wa kabila la Kasavubu, raia wa Léopoldville au raia wa Brazzaville. Mluba wa Kasai aliyeitwa Mkongo angeweza kuuliza kwa haki: "Tangu lini?"

Mobutu alichukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965, baada ya miaka mitano ya uasi, kujitenga kwa Katanga na kuuawa kwa Patrice Lumumba. Mwaka uliofuata miji ilianza kubadilishwa majina: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka 1967 sarafu mpya ilitolewa, ikaitwa zaire. Kisha tarehe 27 Oktoba 1971 nchi na mto vikapewa jina hilohilo. Katika kaulimbiu ya utawala, vitu vitatu sasa vilikuwa na jina moja: nchi, mto na sarafu.

Mabadiliko hayo yalikuwa sehemu ya siasa iliyoitwa uhalisi, yaani kurudi kwenye asili ya Kiafrika. Katanga ikaitwa Shaba, neno ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa, kwa kuwa utajiri wa jimbo hilo ni madini hayo. Mwaka 1972 Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na raia wote wakatakiwa kuacha majina ya Kikristo ya kigeni. Jambo hili liliufikisha utawala kwenye mgogoro mkali na Kardinali Malula wa Kinshasa. Suti na tai zilipigwa vita, na badala ya kuitana "bwana" na "bibi", watu waliamriwa kuitana "raia". Kwetu Tanzania wakati huohuo tuliitana "ndugu", kwa hiyo hali hiyo haikuwa ngeni kabisa kwa majirani.

Wasomi wengi wamecheka kwamba siasa ya uhalisi ilichagua jina ambalo umbo lake ni la Kireno. Kicheko hicho ni cha haki. Hata hivyo, nadhani tukiishia hapo tunakosa jambo muhimu. Zaire halikuwa jina la kabila lolote. Mobutu mwenyewe alikuwa Mngbandi kutoka kaskazini, na asingeweza kuiita nchi kwa jina la watu wake bila kuzusha vita. Jina la mto lilikuwa na faida ileile ambayo Kiswahili kilikuwa nayo kwetu: hapakuwa na kabila kubwa lililoweza kudai kwamba ni lake peke yake. Mngbandi, Mluba, Mkongo, Mbembe na Mshi wote waliweza kuwa Wazaire kwa kiwango kimoja. Kama jina, lilikuwa zuri. Ubaya uliokuja baadaye haukutokana na herufi zake.

Wazaire nje ya Zaire

Jina halijengwi na amri peke yake. Linajengwa na matumizi, na Wazaire walipata nafasi za kuonekana duniani. Mwaka 1974 timu yao ya taifa ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika, ambapo Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale peke yake. Mwaka huohuo Zaire ilikuwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Ilifungwa 2-0 na Uskochi, 9-0 na Yugoslavia na 3-0 na Brazil. Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali alimpiga George Foreman mjini Kinshasa, na ulimwengu mzima ukajifunza kutamka Zaire.

Afrika Mashariki ililijua jina hilo kwa njia ya muziki. Miaka ya 1970 bendi kutoka huko zilikuja kutafuta maisha Dar es Salaam na Nairobi. Orchestra Maquis du Zaire iliyopiga Dar es Salaam ilibeba jina la nchi katika jina lake. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alikuja Tanzania mwaka 1978 na kujiunga na Orchestra Makassy, akaishia kuwa sauti ya wanyonge wa Dar es Salaam kwa Kiswahili chake cha Manyema. Kwa kizazi hicho cha Watanzania, Mzaire alikuwa kwanza mtu wa gitaa, wa suruali iliyonyooshwa vizuri, wa Kiswahili chenye "batoto" pale ambapo sisi tunasema "watoto". Maana hii hakuna amri ya serikali iliyoiweka, wala hakuna amri iliyoiondoa. Ndiyo maana mpenzi wa muziki wa zamani bado husema "bendi za Kizaire" na hawezi kukubali useme vingine, kwa kuwa anazungumzia miaka ile.

Mzaire mbele ya sheria

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo, kwangu mimi, ndiyo kiini cha historia ya neno hili. Nchi inaweza kuwaita watu wake kwa jina zuri lisilo la kabila, lakini bado itabidi sheria iseme jina hilo ni la nani.

Mashariki mwa nchi, katika Kivu, waliishi watu wengi wanaozungumza Kinyarwanda. Wengine walikuwako kabla ya ukoloni. Wengine waliletwa na Wabelgiji wenyewe: kuanzia mwaka 1937 serikali ya kikoloni iliendesha mpango rasmi wa kuwahamisha Wanyarwanda kwenda Masisi na maeneo ya jirani, ambako mashamba ya walowezi yalihitaji vibarua. Wengine walikimbia vurugu za Rwanda kuanzia mwaka 1959. Bendera mpya ilipopandishwa Léopoldville, wote hao walikuwa chini yake. Je, walikuwa Wakongo? Na baadaye, walikuwa Wazaire?

Sheria ya Januari 1972 ilijibu kwamba ndiyo, kwa masharti. Watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950, na ambao hawakuondoka nchini, walihesabiwa kuwa walipata uraia wa Zaire tangu tarehe 30 Juni 1960. Msomaji aitazame tarehe hiyo. Mwaka 1960 hapakuwa na nchi iitwayo Zaire, wala uraia wake. Sheria ililirudisha jina nyuma miaka kumi na moja ili liwafunike watu hao. Wakati ule mkurugenzi wa ofisi ya Rais alikuwa Barthélemy Bisengimana, mwenye asili ya Rwanda, na wapinzani wa sheria hiyo walisema ilitokana na nguvu zake.

Bisengimana aliondoka madarakani mwaka 1977. Mwezi Juni 1981 sheria mpya ilipitishwa, ikaifuta ile ya kwanza. Sasa Mzaire wa asili alikuwa yule ambaye mmoja wa wahenga wake alikuwa wa kabila lililokuwa limekaa katika ardhi ya Jamhuri ya Zaire kwa mipaka ya tarehe 1 Agosti 1885.

Mwaka 1885 ndio kwanza Mfalme Leopold wa Pili alikuwa ametambuliwa na mataifa ya Ulaya kuwa mwenye Dola Huru ya Kongo. Maofisa wake hawakuwa wamefika katika sehemu kubwa ya nchi hiyo. Mashariki mwake walitawala wafanyabiashara wa misafara, na mwaka 1887 Leopold alilazimika kumfanya Tippu Tip kuwa gavana wake wa Stanley Falls, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kumwondoa. Huko Kivu hapakuwa na mpaka uliochorwa wala orodha ya makabila iliyoandikwa. Raia wa mwaka 1981 aliambiwa athibitishe babu wa babu yake aliishi upande gani wa mstari ambao haukuwapo. Na yote hayo kwa ajili ya kuitwa kwa jina lililobuniwa mwaka 1971.

Hapa ndipo maana ya neno ilipogeuka. Mwanzoni Mzaire alikuwa mtu wa nchi ya mto, awe wa kabila lolote. Baada ya 1981, Mzaire akawa mtu wa kabila lililothibitika. Jina lilibaki lilelile, na kamusi isingeona tofauti yoyote. Aliyeiona ni mtu wa Masisi aliyepeleka karatasi zake ofisini.

Watu waliotiliwa shaka nao walijibu kwa neno. Watutsi wa milima ya juu ya Uvira na Fizi walijitambulisha kama Banyamulenge, yaani watu wa Mulenge, kilima kilichopo huko. Jina hilo lilienea zaidi miaka ya 1970. Kwalo walikuwa wanasema: asili yetu ni kilima hiki, kilichomo ndani ya nchi hii, wala si Rwanda. Linganisha majina hayo mawili. Serikali ilitafuta jina la mto ili iwaunganishe watu wote, na kundi moja dogo likalazimika kutafuta jina la kilima ili lithibitishe kwamba limo.

Mwisho wa jina

Miaka ya 1990 jina la Zaire lilichakaa mikononi mwa watu kihalisi, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye noti. Bei zilipanda mno hata mwaka 1993 ikatolewa zaire mpya iliyobadilishwa kwa zaire milioni 3 za zamani. Mwaka huohuo mapigano ya ardhi na uraia yalizuka Masisi. Mwaka 1994 yalitokea mauaji ya kimbari ya Rwanda, na wakimbizi wengi mno wakaingia Kivu, wakiwemo wauaji wenye silaha.

Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini aliwaamuru Banyamulenge waondoke nchini ndani ya wiki moja. Vita ikaanza. Mwezi huohuo, kwa msaada wa Rwanda na Uganda, uliundwa muungano wa waasi ambao msemaji wake, na baadaye kiongozi wake, alikuwa Laurent-Désiré Kabila, mfuasi wa Lumumba aliyekuwa amepigana huko Fizi tangu miaka ya 1960 na kuishi kwa muda nchini Tanzania. Waliuita Muungano wa Majeshi ya Kidemokrasia kwa ajili ya Ukombozi wa Kongo. Nchi bado iliitwa Zaire, lakini katika jina la muungano neno hilo halimo. Kwa Kabila, Zaire lilikuwa jina la utawala wa Mobutu, na kumwondoa mmoja ni kuliondoa la pili. Tarehe 17 Mei 1997 askari wake, wengi wao wakizungumza Kiswahili katika mji uliozoea amri za kijeshi za Kilingala, waliingia Kinshasa, na nchi ikarudia jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lililokuwa limetumika tangu katiba ya 1964.

Sisi wa Kigoma tulikuwa karibu na tukio hilo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa Novemba 1996 kwa ajili ya watu waliovuka ziwa kuikimbia vita hiyo. Aliyefika mwezi huo alifika akiwa raia wa Zaire. Miezi sita baadaye, bila ya kutoka kambini, nchi aliyoikimbia haikuwa na jina hilo tena. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuwa Mzaire mwaka 1971, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kuacha mwaka 1997.

Je, swali la uraia lilikwisha? Halikwisha. Kabila alipovunja urafiki na Rwanda mwaka 1998, vita ya pili ilianza, na wenye asili ya Rwanda walitiliwa shaka tena, safari hii kwamba si Wakongo. Ni sheria ya Novemba 2004 iliyoisogeza tarehe kutoka 1885 hadi uhuru: raia wa asili ni mtu wa jamii ambazo watu wake na ardhi yake viliifanya nchi hiyo ilipopata uhuru. Ni hatua kubwa. Lakini habari zinazotufikia kutoka Kivu hadi leo zinaonyesha kwamba kuandika sheria ni jambo moja, na jirani kumkubali jirani ni jingine.

Hitimisho

Kwa wanafunzi wenzangu wanaoandika historia, nina mapendekezo mawili. La kwanza ni la lugha. Tusilifute neno Mzaire kana kwamba ni kosa, wala tusilitumie kiholela. Lumumba hakuwa Mzaire hata siku moja, kwa sababu aliuawa Januari 1961. Ndaye Mulamba alifunga mabao yale akiwa Mzaire, na si sahihi kuandika kwamba "Kongo" ilicheza Kombe la Dunia mwaka 1974 bila ya kueleza. Mobutu, aliyezaliwa Lisala mwaka 1930 na kufariki Rabat mwezi Septemba 1997, alizaliwa chini ya Kongo ya Wabelgiji, akatawala Zaire, na alipofariki nchi yake ilikuwa Kongo tena. Kila jina lina miaka yake, na mwanahistoria mwangalifu huheshimu miaka hiyo.

La pili ni la maana. Tumezoea kufundishana kwamba jina la raia hupatikana kwa kuongeza m- au wa- kwenye jina la nchi. Kwa sarufi inatosha. Lakini historia ya Wazaire inaonyesha kwamba kiambishi hicho kidogo ndicho mlango wenyewe. Ndani yake huamuliwa nani anahesabiwa na nani anabaki nje, na uamuzi huo unaweza kubadilishwa bila ya kuigusa hata herufi moja ya neno. Kwa hiyo tunapokutana na jina la watu katika vitabu vyetu, liwe Wazaire, Watanganyika au jingine lolote, tuulize limetoka katika lugha gani, na pia tuulize ni akina nani walioruhusiwa kulitumia juu yao wenyewe. Mzee wa Kigoma anayesema "Wazaire" anakumbuka wafanyabiashara na wapiga gitaa waliovuka ziwa, na hakuwahi kuwauliza wahenga wao waliishi wapi mwaka 1885.